Taa Iliyoacha Kulia

Kitambaa kilisimama katikati ya mkono wa taa.

Mama Kitambaa alikirudisha nyuma, akaupangusa tena ule mkono wa shaba kutoka ukutani hadi kwenye kiwiko cha kwanza, polepole, kama mtu anayerudia barua ambayo hakuiamini mara ya kwanza. Kisha akashika kipini cha mti kilicho kwenye ukingo wa kofia ya taa, akaivuta upande wa dirisha.

Haikulia.

Miaka kumi na tisa alikuwa akiivuta taa ile kila asubuhi ili afute ukuta nyuma yake, na miaka yote hiyo ililia. Kwii, kama mlango wa banda la kuku. Ikitiwa mafuta hunyamaza siku mbili, ya tatu inarudia wimbo wake. Leo ilikwenda dirishani na kurudi bila neno, tulivu kama mtoto aliyefanya kosa.

Aliangalia mlango. Ulikuwa umerudishiwa tu. Chini ngazini tarishi alikuwa akicheka na mlinzi. Akapanda kwenye kigoda, akaingiza kidole gumba ndani ya kofia, upande wa kushoto, karibu na balbu. Hapo siku zote palikuwa na kibonde kidogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Alikijua kwa sababu alikitia yeye. Mwaka wake wa pili wa kazi aliigonga taa kwa ncha ya ngazi, bati likabonyea, akakaa wiki nzima akingoja kufukuzwa. Hakuna aliyeona, naye hakumwambia mtu.

Kidole gumba kilizunguka, kikazunguka tena. Bati lilikuwa nyororo kama yai.

Hii siyo taa ile.

Alikuwa na jina alilopewa na mama yake, lakini ofisini, na hata mtaani kwake, aliitwa Mama Kitambaa, kwa kuwa kitambaa hakikuondoka begani mwake hata akienda kununua chumvi. Alisafisha ofisi ya wakili: vyumba viwili, choo, ngazi, na lile kabati la majalada ambalo kila mtu aliliogopa kwa vumbi lake. Ofisi ilianzishwa na Mzee Wakili, na ndiye aliyeitundika taa juu ya kiti chake cha kusomea, zamani kabla Mama Kitambaa hajafika. Haikuwa na nakshi wala ua. Mkono mmoja mrefu wenye viwiko viwili, na kofia nyeusi iliyochongoka kama faneli. Siku ya kwanza kuiona alidhani ni kifaa cha daktari wa meno.

Miaka miwili iliyopita macho ya mzee yalififia, kumbukumbu ikafuata, akabaki nyumbani na muuguzi. Bintiye akaishika ofisi. Watu walimwita Wakili Mdogo, ingawa naye alikuwa na mvi zake. Wiki tatu zilizopita huyo Wakili Mdogo aliona kwenye kompyuta picha ya taa kama ile, akaguna, akainuka, akaja kuikodolea macho ukutani kana kwamba ndiyo kwanza inaingia ndani. Ni taa ya miaka ya hamsini, alieleza, ya karakana moja ya ng'ambo iliyokwisha kufungwa; zilitengenezwa chache, na wapo watu duniani ambao kazi yao ni kuzisaka. Tangu siku hiyo chumba cha ndani chenye taa kilifungwa kwa ufunguo kila jioni, na mlinzi akaamriwa kukagua mikoba getini. Katika mkoba wa Mama Kitambaa alikuta kandambili na kitana. Alizikagua hata hizo kandambili.

Na leo, saa tisa alasiri, alikuwa anakuja bwana wa vitu vya kale kuithibitisha.

Mama Kitambaa alishuka kwenye kigoda. Kuripoti? Anayegundua wizi ndiye wa kwanza kuulizwa alikuwa wapi. Akakaa kwenye ukingo wa kiti cha mzee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaanza kuwapanga watu kichwani kama anavyopanga viatu mlangoni. Tarishi, waliyemwita Redio kwa sababu habari haikulala tumboni mwake, alikuwa na ufunguo wa mlango wa nje. Lakini Redio akiiba taa asubuhi, mchana atakuwa ameshamsimulia muuza magazeti. Mlinzi alisinzia kila alipoegemea, na wizi unataka mtu aliye macho. Wakili Mdogo mwenyewe? Wenye vyao hujiibia, mambo hayo yapo. Wazo hilo alilikalia muda mrefu kuliko lilivyostahili, kwa sababu baada ya hapo alibaki mtu mmoja tu, na hakutaka kumfikia.

Jumamosi alikuja fundi umeme kubadilisha nyaya zilizoungua. Fundi huyo alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Yeye ndiye aliyemleta.

"Ndugu yako ni mtu wa kuaminika?" Wakili Mdogo alikuwa amemwuliza.

"Namjua tangu anatambaa, mama," alijibu. Sasa aliona kwamba lile halikuwa jibu.

Tena Jumamosi ile Fundi alimtuma maji ya kunywa. Mtungi wa ofisi ulikuwa mkavu, ikabidi aende mpaka duka la kona ya pili. Aliporudi alimkuta anafunga zipu ya begi refu la turubai, ambalo mlinzi, akisinzia getini, hakulikagua. Maji aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayaweka chini bila kuyanywa.

Mama Kitambaa akainua macho kwenye bati dogo linaloishika taa ukutani. Skrubu za zamani zilikuwa na mfereji mmoja, uliolika. Hizi zilikuwa na alama ya msalaba, na ziling'aa.

"Mbona unaitazama hivyo?" Redio alikuwa amesimama mlangoni. "Imekukonyeza?"

"Ina vumbi."

"Vumbi, kwako? Basi dunia inakwisha." Akaingia, akanyoosha shingo kuelekea taa. Mama Kitambaa akasimama kati yake na ukuta, akapangusa pale palipokwisha pangusika. "Leo kuna sinema hapa," Redio alisema. "Huyo bwana nasikia anavaa glavu. Anagusa vitu kama daktari anayetafuta uvimbe."

"Umesikia kwa nani?"

"We chukua habari, mdomo ulioitoa uachie mwenyewe."

Saa saba alimwambia Wakili Mdogo anakwenda kununua sabuni ya sakafu. Sabuni ilikuwa imejaa kwenye kabati la chini ya ngazi. Wakili Mdogo aliinua uso kutoka kwenye jalada, akamtazama kwa muda uliozidi kidogo ule wa kila siku.

"Usichelewe. Saa tisa nataka watu wote wawepo."

Getini mlinzi alifungua mkoba, akachungulia, akafunga.

Banda la Fundi lilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Feni zilining'inia darini kama popo. Pasi zilizokufa zilipangwa kwenye rafu zikingoja wenyewe waje kuzitambua. Fundi alikuwa ameinamia birika la umeme, moshi mwembamba ukimpita puani.

"Dada! Saa hizi? Kuna msiba?"

"Bado."

Alicheka, halafu akaona uso wake, akaacha. "Kaa basi. Kiti hicho hapo."

Hakukaa. Macho yake yalipita juu ya rafu, chini ya meza, nyuma ya majokofu mawili yaliyofunguliwa matumbo. Alijiona anavyotazama, akaona aibu, na bado akaendelea kutazama.

"Unatafuta nini?"

"Jumamosi ulinituma maji."

"Ndiyo."

"Hukuyanywa."

Fundi aliweka chini kifaa cha kulehemu, polepole, juu ya kigae chake. Jicho lake likaruka kwenye kona, likarudi. Jicho hilo ndilo lililomwonyesha dada yake pa kwenda: nyuma ya pazia la kona, ambako palikuwa na godoro la kujinyoosha mchana. Kati ya godoro na ukuta palikuwa na blanketi lililofungwa kama maiti ya mtoto. Akapiga magoti, akalifungua. Shaba. Kofia nyeusi. Akaukunja mkono wa taa, na taa ikalia, kwii, mle bandani, kwa sauti ambayo angeitambua hata usingizini. Kidole gumba kikaingia ndani ya kofia, kikatua kwenye kibonde chake moja kwa moja.

Akakaa pale pale kwenye godoro.

"Mdogo wangu," alisema. "Umeniua."

"Sikuiba."

"Imekuja yenyewe kwa miguu?"

"Mzee mwenyewe ndiye aliyeniagiza. Mzee Wakili."

"Mzee Wakili hakumbuki kama amekula!"

"Siku ile alikumbuka." Fundi alichuchumaa mbele yake. "Si wewe uliyenituma kwake mwezi huu, feni yake ilipoharibika? Nilikuwa juu ya ngazi. Binti yake alikuwa sebuleni anazungumza na simu, habari za kuuza taa. Mzee alisikia. Akanishika mguu, pale pale kwenye ngazi. Akaniambia, fundi, taa yangu inahukumiwa bila kusikilizwa. Akaniomba niitoe ofisini nikaifunge juu ya kitanda chake. Akaniapisha, dada, mkono juu kama mahakamani, nisimwambie mtu."

"Na ile iliyoko ofisini?"

"Alisema niweke nyingine mahali pake, binti asishtuke kuona tundu. Nimeitengeneza mwenyewe." Hapa sauti yake ilibadilika, hakuweza kuizuia. "Mkono ni wa taa ya sonara mmoja, iliyotupwa. Kofia nimekata bati, nikalizungusha kwenye gurudumu la baiskeli. Rangi peke yake imenichukua siku nne. Umeona ile rangi?"

Alikuwa anajisifu. Mama Kitambaa alimtazama akajisikia baridi. Mtu anayesema kweli, aliwaza, angejisifu? Au ni mwongo ndiye asiyeweza kuficha raha ya kazi yake?

"Kama ni agizo la mzee, kwa nini taa iko hapa na siyo kwake?"

"Nilikwenda Jumapili, muuguzi yuko sokoni. Nimeshatoboa ukuta, nimeshatia plastiki za kushikia skrubu, nikasikia gari la binti getini. Nikaning'iniza picha juu ya matundu, nikapita mlango wa jikoni."

"Hadithi nzuri."

"Siyo hadithi."

"Ungeniambia mimi. Mimi si mtu, mimi ni dada yako."

"Ungeniamini?"

Nje mtu alikuwa anashusha mabati kutoka kwenye gari, moja moja, na kila moja lilipotua walisubiri limalize kelele zake.

Mdogo wake alipokuwa na miaka kumi na saba, alitoweka siku moja na cherehani ya mama yao. Alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, mikono mitupu. Mama hakumwuliza. Alishona kwa mkono mpaka alipofariki. Neno hilo halikutajwa tena kwenye familia, na kwa kutotajwa likazidi kunenepa.

"Ni cherehani, sivyo?" Fundi alisema.

"Sijataja cherehani."

"Hujawahi kuitaja. Miaka ishirini na sita, dada. Nakuja kwako, tunakula, tunacheka, nakaa na wanao. Nikiaga tu, unaingia jikoni kuhesabu vijiko. Unadhani sivisikii vikigongana na mimi bado nafunga kamba za viatu?"

Uso ulimwaka moto. Akakuta kitambaa kiko mkononi na alikuwa anapangusa kofia ya taa, kwa mazoea.

"Usitoke na hii taa," alisema akisimama. "Usiende nayo popote."

"Niende nayo wapi?"

Nyumba ya Mzee Wakili ilikuwa mitaa mitatu juu. Alikwenda nusu kwa kutembea, nusu kwa kukimbia, na njiani alijiambia maneno mawili yanayopingana. La kwanza: Mungu, na iwe kweli. La pili lilikuwa dogo, lina meno: hata kama mzee atakubali, mzee siku hizi anakubali kila anachoulizwa.

Muuguzi, kijibaba kinene chenye viatu vya mpira, alimfungulia bila kushangaa. Alizoea kumwona akija kufua mapazia. Mzee alikuwa kitandani, ameegemea mito, gazeti la jana mapajani. Uso wake uligeukia mlango.

"Nani?"

"Mimi, mzee. Mama Kitambaa wa ofisini. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni shahidi wa upande gani?"

"Sina upande, mzee. Nina swali. Ulimwagiza fundi akuletee taa?"

"Fundi gani?"

"Fundi umeme. Aliyetengeneza feni."

Mzee aliitazama feni kwa muda, nayo ikazunguka. "Swali lako linamwongoza shahidi," alisema mwishowe kwa upole. "Nikikujibu ndiyo, watalifuta."

"Tafadhali, mzee. Kumbuka kidogo."

"Mimi sikumbuki fundi," alisema Mzee Wakili. "Na asiyekumbuka aseme hakumbuki."

Basi. Moyo wake ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Akasimama pale katikati ya chumba, na kwa kuwa hakujua afanye nini na macho yake, macho yakafanya kazi yaliyoizoea miaka kumi na tisa: yakatafuta uchafu.

Yakauona. Juu ya ubao wa kichwani mwa kitanda palikuwa na unga mweupe, mwembamba, umelala kwa mstari. Vumbi la nyumba ni la kijivu na hutanda kote. Hili lilikuwa la plasta, na lilianguka kutoka mahali pamoja. Akafuata kwa macho kwenda juu. Picha ya mzee na wenzake wa chuo, ambayo kila alipokuja kufua mapazia ilikaa kule juu karibu na dari, sasa ilikuwa imeshuka hadi usawa wa mabega, na imepinda. Nani anatundika picha mahali ambapo mtu akikaa ataigonga kwa kichwa?

Akaiinua pembeni.

Matundu mawili, moja juu ya jingine, mapya, ndani yake plastiki nyekundu. Akatandaza kiganja ukutani. Tangu ncha ya kidole gumba hadi kwenye kifundo cha kidole cha mwisho: ndiyo urefu wa lile bati alilolipangusa kila asubuhi. Akapima mara mbili. Mara ya pili pia kipimo hakikubadilika.

Nyuma yake mzee alikuwa ameinua mkono wa kulia. Aliunyoosha hewani, juu kidogo ya bega, vidole vimekunjwa kama vinavyoshika kipini, akapapasa. Akapapasa tena. Halafu akaurudisha mkono juu ya gazeti, bila kulalamika.

Alipofika ofisini ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, na hakuwa na sabuni. Redio alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, kimya. Hilo peke yake lilimtisha.

"Panda," alisema Redio. "Wanakungoja."

Juu ya meza ya Wakili Mdogo zililala taa mbili, ubavu kwa ubavu kama mapacha. Bwana wa vitu vya kale, mrefu, na kweli ana glavu nyeupe, alikuwa anazichungulia kwa lenzi. Kwenye kiti cha wateja, kile kifupi kilichofanya kila mtu aonekane na hatia, alikaa Fundi, blanketi limekunjwa magotini. Alikuwa ameileta mwenyewe. Hakugeuka dada yake alipoingia.

"Kumbe sabuni siku hizi inauzwa mbali," Wakili Mdogo alisema.

"Mama, nilikudanganya. Nilikwenda kwa ndugu yangu, halafu kwa mzee."

"Ndugu yako amekuja nusu saa iliyopita. Ameweka hii mezani, akasema wewe hukuhusika. Basi. Nimemwuliza kwa nini aliichukua, ananiambia kuna kiapo." Alikuwa ameshika simu mkononi. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Mtu akijitetea kwa kiapo asichoweza kukitaja, mimi najua namba ya kupiga."

Mama Kitambaa alimtazama mdogo wake kisogoni. Amekaa na siri ya mzee mpaka hapa, akaiweka taa mezani ili dada yake asifukuzwe kazi, na hata sasa, akiwa mguu mmoja polisi, hakulitoa jina la mzee.

"Ni Mzee Wakili aliyemwagiza," alisema.

"Dada, nyamaza."

"Sikuapa mimi. Wewe ndiye uliyeapa." Akageuka kwa Wakili Mdogo. "Mama, ukuta wa chumba cha baba yako una matundu mawili juu ya kitanda. Picha imewekwa kuyafunika. Nimeyapima kwa mkono wangu. Ni ya bati la taa hii, siyo ya kitu kingine."

"Matundu."

"Ndiyo, mama. Na vumbi la plasta kwenye ubao wa kitanda. Mwizi hatoboi ukuta wa anayemwibia."

Kwa mara ya kwanza bwana wa vitu vya kale aliinua uso kutoka kwenye lenzi yake. Wakili Mdogo alimtazama Mama Kitambaa, akamtazama Fundi, kama mtu anayetafuta mshono ambako hadithi mbili zimeunganishwa. Halafu akapiga simu, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Inua picha ya juu ya kitanda cha baba," alisema. "Uniambie unaona nini."

Zilisikika nyayo za viatu vya mpira, kisha mkwaruzo wa fremu ukutani. "Matundu mawili, wakili," sauti ya muuguzi ilisema. "Yana plastiki nyekundu. Hata mimi Jumapili nilishangaa picha imeshuka. Nilidhani ni wewe."

Nyuma yake sauti nyingine, ya kikohozi na mamlaka: "Nani huyo?"

"Ni binti yako, mzee."

"Mwulize. Taa yangu imefika?"

Mle ofisini hakuna aliyejikuna. Wakili Mdogo aliisogeza simu karibu na mdomo. "Baba? Taa gani?"

"Ya kusomea. Nimemwagiza mtu." Gazeti lilisikika likikunjwa. "Nani, sikumbuki. Lakini nilimwagiza. Mtu mwaminifu."

Simu ilikatwa na nani, haikujulikana. Wakili Mdogo aliiweka mezani, skrini chini, akaipanga sawasawa na ukingo wa meza. Bwana wa vitu vya kale alikohoa.

"Mama, mnunuzi wangu ameshasubiri sana. Kama mauzo yetu..."

"Leo hakuna mauzo."

"Leo?"

"Nimesema leo."

Bwana yule alivua glavu, kidole kimoja baada ya kingine. Alipompita Fundi aliinama, akanong'ona, macho yakiwa kwenye ile taa ya bandia. "Hii rangi umeipataje? Unaweza kutengeneza nyingine?" Fundi alimtazama kama mtu aliyeombwa kuonyesha njia na mtu aliyefunika uso.

"Ungekuja kwangu," Wakili Mdogo alimwambia Fundi walipobaki watatu. "Mimi ni mwanawe."

"Aliniapisha usijue wewe, mama."

Wakili Mdogo aliupokea mkuki huo bila kupepesa. Aligusa mkono wa taa, ile ya kweli, kwa ncha ya kidole. "Kaifunge," alisema. "Ikae kwake mpaka..." Hakumaliza. Alifungua jalada, akalifunga. "Na wewe, Mama Kitambaa, nenda naye. Uhakikishe imefika."

Hapo ndipo Fundi alipomtazama dada yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hata usingemwambia, angehakikisha," Fundi alimjibu Wakili Mdogo. "Amezoea."

Walikwenda, Fundi ameibeba taa ndani ya blanketi. Matundu yalikuwa tayari. Kazi haikuchukua robo saa. Mama Kitambaa alipangusa ubao wa kitanda, akaishika ile picha mikononi asijue aiweke wapi. "Popote," alisema Fundi na skrubu mdomoni. Taa ilipowashwa, mwanga ulianguka kwenye gazeti la jana, duara moja la njano. Mzee Wakili aliinua mkono wa kulia. Safari hii kipini kilikuwepo. Aliikuta taa bila kuitafuta, akaivuta karibu, akainamia maandishi makubwa ya juu kabisa, akaanza kuyasoma kwa sauti, neno moja moja. Mengine aliyakosea.

Nje jua bado lilikuwa kali. Kituo cha basi kilikuwa na benchi moja la zege, kivuli nusu. Mama Kitambaa alikaa upande wa jua. Fundi alibaki amesimama, sanduku la zana limening'inia mkononi, akitazama barabara kule basi litakakotokea.

"Nilikudhania vibaya," dada yake alisema.

"Najua."

"Nataka kukwambia kwamba..."

"Najua, dada."

Pikipiki ilipita. Mwanamke mmoja akavuka barabara amejikinga jua kwa bahasha. Fundi alivuta pumzi, akalitua sanduku la zana kwenye benchi, katikati kabisa, kisha akakaa upande wa pili wake. Mama Kitambaa aliutazama mkono wake, ule wenye makovu ya kulehemu, umetulia juu ya kifuniko. Baada ya muda ule mkono ukalisogeza sanduku kidogo. Hakuweza kuona lilisogea kuelekea upande gani. Labda kwake, labda alikuwa analisawazisha tu lisianguke. Aliondoa sketi yake kwenye njia, iwapo mdogo wake angetaka kulisogeza tena.